Ngamia Wanane na Pikapu Moja

Jumatano, 6 Februari 2013. Lodwar.

Siamini! Ekai amenunua Hilux. Ekai! Yule niliyesoma naye, aliyeazima kalamu yangu tangu darasa la nne hadi mtihani wa mwisho. Leo amepita sokoni, kioo kimeteremshwa, kiwiko nje. Akanisalimu "Ejok!" bila hata kupunguza mwendo. Nikajibu ejok-nooi huku vumbi lake likiniingia mdomoni.

Hilux yenyewe imekwisha kukodishwa. Uchaguzi ni mwezi ujao. Kila mgombea anatafuta gari la kubeba vipaza sauti na vijana wa kuimba. Nao watu wa kuchimba mafuta kule Lokichar wanakodi chochote chenye magurudumu. Mimi nina nini? Ngamia wanane, mbuzi sitini, na dume mmoja wa ng'ombe, mwenye kengele shingoni. Na wote ni wa mahari.

Niandike wazi. Nimeishi na Akiru miaka tisa. Watoto wawili, mahari sijatoa. Kwa desturi yetu watoto hao bado ni wa babake Akiru, Mzee Lokorio, anayekaa njia ya kwenda Kerio. Ndugu zangu wamehangaika kunichangia wanyama hawa. Mjomba wangu wa Kaaleng peke yake ametoa ngamia watatu. Sasa mzee amechoka kungoja. Ametaja siku: Jumamosi, tarehe ishirini na tatu. Mahari iingie zizini kwake, la sivyo Akiru na watoto warudi kwao. Na yuko mtu mwingine tayari amebisha hodi.

Nikauliza ni nani. Nikaambiwa ni Ekai. Chai ilinitoka puani!

Alhamisi, 7 Februari

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Nimejikata.

Ngamia wamekaa bure! Wanakula majani, wananitazama. Zimebaki siku kumi na sita. Nikiwauza leo, nanunua pikapu ya kazi nzito. Nakodisha kwa wagombea siku kumi na sita. Nanunua ngamia wanane wengine. Mahari imetoka, na gari limebaki! Nimepiga hesabu mara tatu, haina kasoro. Nashangaa hakuna mtu mwingine aliyeiona.

Akiru nimemwambia ngamia nimewapeleka Kaaleng kwa mjomba, wanenepe kabla ya siku yenyewe. Akasema ni wazo zuri. Nilishtuka. Neno hilo sijalisikia kwake tangu mwaka wa 2008.

Jumamosi, 9 Februari

Ngamia wameuzwa. Yule mweupe aligeuka akanitazama njia nzima. Sikupenda.

Nimezunguka Lodwar kutafuta gari. Nimeona maajabu! La kwanza ni Land Rover kuukuu nyuma ya duka la mbao. Ndani kuku wanaatamia. Mwenyewe akasema kuku wana bei yao kando. La pili ni Isuzu, injini imewekwa kwenye magunia mawili. Nikauliza kwa nini mawili. Akasema moja halikutosha. La tatu ni Hilux nzima, safi, bei ya haki. Nikakataa. Kuendesha gari la aina moja na Ekai? Afadhali punda.

Fundi mmoja kaniambia niende Kakuma. Kambini kuna mfanyabiashara wa Bor, anaitwa Mamer, anarudi kwao Sudan Kusini na anauza Land Cruiser pikapu. Magurudumu yote manne yanavuta. Hilo ndilo gari! Hata jina lake tu ni zito.

Jumatatu, 11 Februari. Kakuma.

Nimenunua!

Mamer ni mrefu hadi anainama kutoka dukani kwake mwenyewe. Gari lilikuwa nyuma, chini ya turubai. Mimi ni mtoto wa wafugaji, simchagui mnyama kwa maneno ya muuzaji. Nikalizunguka mara mbili. Nikalipapasa paja. Nikafungua boneti nikatazama mdomoni. Nikarudi hatua kumi nikaangalia linavyosimama, maana mnyama mbovu hujulikana hapo. Lilikuwa limesimama vizuri sana.

Baadaye nimeambiwa lilikuwa limesimama hapo miezi saba.

Mamer alikuwa mkweli, siwezi kumlaumu. Alisema, "Gari hii kwes, nzuri, ndugu yangu. Malesh, samahani, breki tu, kidogo." Nikamuuliza kidogo kiasi gani. Akasema Turkana yote ni tambarare, mtu anataka breki ya nini? Nikaona ana hoja. Alikuwa ameagiza chai tukae tupatane bei mpaka adhuhuri. Chai ilipofika nilikuwa nimekwisha kulipa. Nilitoa pesa zote za ngamia, pamoja na saa yangu ya mkononi. Alinitazama kwa mshangao mkubwa. Nadhani hajawahi kukutana na mtu mwenye uamuzi.

Jumanne, 12 Februari

Pikapu imevutwa kwa kamba hadi kwa Onésphore, Mkongo wa Uvira, fundi wa kuchomelea hapa kambini. Alilala chini ya gari. Akagongagonga huku na huku. Alipotoka aliniuliza kama ninaomba Mungu.

Springi zimekatika. Tairi zote zimekwisha hadi nyuzi. Radieta inavuja. Chesi ina ufa. Honi imekufa. Breki hazipo, si kidogo, hazipo! Nilishika kichwa. Onésphore akanifariji: "Patron, iyi motokari iko na roho nzuri. Mwili ndiyo imeisha."

Nauliza: ngamia wanane! Kwa roho?

Sasa nimebaki na mbuzi sitini na dume. Mbuzi siwagusi. Lakini dume mmoja tu, mzee wa watu atajua kweli kwamba hayupo, katika vumbi lote lile?

Alhamisi, 14 Februari

Nilikwenda Lodwar, dume nikamuuza, nikarudi Kakuma. Mnunuzi alitaka na kengele. Nilikataa kabisa. Mtu lazima awe na msimamo.

Onésphore ameandika vitu vya lazima kwenye kipande cha boksi: breki, springi, tairi, radieta. Boksi safi, hati nzuri. Nikamwambia tuanze na bampa. Bampa kubwa ya chuma ya mbele, ya kukinga ng'ombe barabarani. Hilux ya Ekai haina! Onésphore aliweka miwani yake ya kuchomelea juu ya paji la uso akanitazama. Akauliza mara ya pili. Nikasema bampa.

Bampa ni nzuri mno. Watu wanasimama kuitazama. Bahati mbaya imekula karibu dume mzima. Pesa zilizobaki zimetosha radieta, tairi mbili na springi za upande mmoja. Upande mmoja! Gari sasa limeegemea kushoto, mtu akiliona anadhani linasikiliza jambo. Breki tumeziahirisha. Imebaki rangi, nayo Onésphore ameahidi kunitafutia ya bei ya chini.

Jumapili, 17 Februari

Nimekaa mchangani. 

Nilimwomba Onésphore rangi nyeupe. Mabango ya mgombea yeyote yanakaa vizuri kwenye nyeupe. Baada ya ibada akaanza kazi, mimi nikaenda kula. Kurudi, Mungu wangu! Mabaka! Meusi na meupe, gari zima! Onésphore akaeleza kwa utulivu kwamba nyeupe ilikuwa nusu debe, iliyobaki baada ya kupaka ukuta wa kanisa. Ilipoisha akamalizia na nyeusi ya kupakia ubao wa darasa. Akasema kwa pesa niliyompa, nimepata rangi mbili.

Mkewe, Immaculée, aliniletea maji nikiwa nimekaa chini. Aliniuliza taratibu kama kuna mtu amefariki.

Halafu, nikiwa na kikombe mkononi, nikaona! Mabaka yale nayajua! Mzee Lokorio alikuwa na dume wake wa mapenzi, wa mabaka meusi na meupe hivyo hivyo, doa jeusi machoni, miguu ya mbele myeupe. Alimtungia wimbo. Alimpindia pembe mwenyewe tangu akiwa ndama. Dume huyo alikufa kwenye ukame wa mwaka juzi, na tangu siku hiyo mzee hajavaa unyoya wa mbuni kichwani. Akiliona gari hili moyo wake utalainika! Ataniongezea miezi miwili, labda mitatu!

Nimechukua kengele ya dume wangu nikaifunga kwenye bampa. Si honi imekufa? Sasa ninayo. Immaculée ameuliza kama gari litakamuliwa pia. Watu wa kambini wana dharau.

Jumanne, 19 Februari. Lodwar.

Kazi ya kwanza! Kazi ya mwisho pia.

Mgombea mmoja wa wadi, simtaji, alinikodi baada ya Hilux ya Ekai kuchukuliwa na tajiri zaidi. Wakapanda vijana kumi na wanne, spika mbili na jenereta. Wote wakakaa upande wa kushoto kwa sababu ndiko gari lilikoegemea. Tukateremka kuelekea uwanjani. Nilikuwa nimeambiwa Turkana ni tambarare! Nikakanyaga breki. Mguu ukaenda hadi sakafuni, haukupata mtu. Tukaingia mkutanoni, tukapita katikati, mgombea akipunga mkono kwa wafuasi wake, tukatokea upande wa pili. Kengele inalia njia nzima! Gari lilikubali kusimama kwenye mkutano wa mpinzani wake.

Mgombea aliruka chini. Nilidai malipo yangu. Nimelipwa fulana arobaini zenye uso wake.

Ekai aliona yote. Alicheka hadi akashikilia mlango wa Hilux. Aliniambia tutaonana Jumamosi kwa Mzee Lokorio, yeye atakuwa hapo mapema, tena wanyama wake wako karibu.

Nilisahau kuogopa mpaka aliposema hivyo. Sasa naogopa.

Ijumaa, 22 Februari

Akiru amejua. Msafiri kutoka Kaaleng alipita kununua sukari, Akiru akamwuliza habari za ngamia wetu. Msafiri akasema ngamia gani.

Nilingoja kelele. Hazikuja, na hilo ndilo lililonitia kiwewe! Alizunguka pikapu mara moja, akaigusa kengele, akaijua. Akasema tu, "Baba Ewoi, mtoto ananiuliza kama kesho atabadilisha jina lake. Nimwambie nini?"

Ewoi ana miaka minane. Alikuwa amekaa kizingitini na ameisikia sauti ya mamake. Hakuniangalia. Niliona aibu. Naandika neno hilo na silifuti. Nilitamani ngamia wangu warudi, hata yule mweupe aje anitazame tu.

Lakini kulia hakujazi zizi. Mpango: nusu ya mbuzi watangulie na ndugu zangu kwa miguu, nusu niwapakie kwenye pikapu. Tutafika kwa kishindo, mbuzi wakiruka kutoka juu, vumbi, kengele, mabaka! Mzee ataduwaa. Hapo hapo nitaomba miezi miwili. Akiru alisema mbuzi wote waende kwa miguu, gari libaki. Nikamwambia haiwezekani, Ekai atakuwa hapo na Hilux. Akaitazama tena kengele. Kisha akasema basi, kama ni lazima niende nalo, nisisimame nje ya boma. Niingie nalo kabisa, hadi ndani ya zizi, ndipo niwateremshe mbuzi.

Nilifurahi sana. Miaka tisa, na leo hatimaye ameanza kunielewa.

Jumamosi, 23 Februari

 Nitaandika yote kama yalivyotokea.

Tulikwama mara mbili kwenye mchanga wa mto mkavu. Mbuzi walishuka, wakapanda tena. Tulipofika, wazee walikuwa wamekaa nusu duara, kila mmoja juu ya kigoda chake. Ekai pembeni, viatu vinang'aa. Mbuzi wa miguu walikuwa wamekwisha ingia. Nikaelekeza bampa kwenye lango la zizi. Hata ningetaka kusimama nje nisingeweza! Nikapita lango, nikapita katikati ya mbuzi, gari likatulia kwenye uzio wa miiba wa upande wa pili. Kengele ikalia mara moja ya mwisho. Mbuzi wakaruka. Wanawake wakahesabu. Sitini.

Mzee Lokorio akauliza ngamia wako wapi.

Nilianza hotuba. Nilizungumza juu ya malisho ya Kaaleng, juu ya mafuta ya petroli, juu ya subira. Mzee akainua mkono nikanyamaza. Akaja zizini. Akaizunguka pikapu polepole. Akapapasa baka moja, kisha jingine. Akaona doa jeusi kwenye taa. Akaitikisa kengele. Halafu, sikuamini macho yangu, akainua mikono yote miwili juu kwa umbo la pembe, akaanza kuimba! Wimbo wa dume wake! Mbele ya boneti! Aliruka, mzee wa miaka ile, na wazee wenzake wakaitikia. Machozi yalikuwa yanamtoka. Nilijua hapo kwamba nimefaulu. Nilikuwa nafungua mdomo kuomba miezi miwili.

Vigelegele! Nikageuka. Shangazi zake Akiru wanaburuta miiba. Wamefunga lango!

Nikacheka. Nikasema jamani, ngojeni kwanza nitoe gari. Hakuna aliyecheka. Nikarudia. Mzee akaniuliza mbele ya wote: "Lopeyok, nani alitoa ng'ombe kwa zizi siku ya mahari?"

Nikasema hiyo si ng'ombe, Baba, ni gari.

Akasema, "Ng'ombe iko na rangi, hii iko na rangi. Iko na kengele. Imeingia yenyewe, sisi hatukuvuta. Na ngamia yangu nane iko ndani. Nasikia inalia." Sijui nani alimwambia kwamba ngamia niliwauza nikanunua gari. Wazee wakasema ndiyo, hata wao wanasikia. Kilichoingia zizini siku ya mahari hakitoki. Desturi hiyo naijua tangu nikiwa mtoto! Nimeshuhudia wengine wakipoteza mbuzi wa mkopo, mbwa, mara moja baiskeli. Haikunijia hata kidogo kwamba gari nalo linaingia.

Nikamtafuta Akiru aniokoe. Alikuwa amekaa chini, amefunika uso kwa shuka, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka!

Wakachinja mbuzi, wakanipaka taka za utumbo kifuani kwa baraka, wakaipaka na pikapu kwenye kioo cha mbele. Mzee akanyoosha kiganja nimpe kamba ya ng'ombe wake. Nikampa ufunguo. Ekai aliondoka bila kuaga, na Hilux yake ikakwama kwenye mchanga ule ule. Hiyo ilinipa nguvu kidogo.

Na kuna jambo jingine. Ewoi alipanda juu ya bampa, akasimama, akapiga kelele wote wamsikie kwamba yeye sasa ni Ewoi Lopeyok. Alirudia mara tatu, na mdogo wake akirudia nyuma yake. Nililia. Wazee walidhani nalilia gari, na sikuwasahihisha kwa sababu nusu ilikuwa kweli.

Jumatatu, 25 Februari

Nimepigwa na butwaa! Siku mbili tu, na Mzee Lokorio amekwisha weka springi za upande wa pili. Breki pia. Ametumia mbuzi wangu! Watu wa mafuta wamekuja kuitazama, wamependa bampa, wamekodi miezi sita. Dereva ni mimi. Niliuliza mshahara. Alionekana kushangaa. Akasema mkwe halipwi.

Akiru anaona mambo yamekwenda vizuri. Nilimwambia bila ushauri wake wa kuingia zizini gari lingekuwa langu hadi leo. Alisema pole, baba watoto. Sijui kwa nini alikuwa anatabasamu. Simlaumu, yeye hakukusudia.

Nimefikiri sana kosa langu lilikuwa wapi. Nimelipata: magurudumu. Kitu chenye magurudumu kinaingia zizini!

Leo mzee alinituma Kerio kumletea samaki. Pale ufukweni kuna mtu anauza mashua ya mtambo. Mashua! Haiwezi kuingia zizini hata ikisukumwa na ukoo mzima. Samaki wako ziwani bure, na watu wa mafuta wanakula. Mwenyewe amenieleza ukweli wote, kwamba inavuja, lakini kidogo tu. Kinachohitajika ni ngamia watatu hivi. Mjomba wa Kaaleng hakuja Jumamosi, mguu unamsumbua, hana habari ya yaliyotokea. Kesho nakwenda kumwona. Nitamwambia mahari imepungua ngamia watatu.

Mashua nimeizunguka mara mbili. Nimepapasa ubavu. Nimerudi hatua kumi nikaitazama pale mchangani ilipo, na mimi ni mtoto wa wafugaji, sidanganyiki. Imesimama vizuri sana.